Onyo Nililomsomea Byabato

Wenzangu waliolewa na walimu, na wafanyabiashara, na wakulima wa kahawa. Mimi Agnetha niliolewa na karani wa mahakama, na yeyote anayedhani hiyo ni ndoa ya kawaida aje kwetu Muleba anywe chai nimsimulie. Siku ya harusi yetu, mchungaji alipotuletea cheti tutie saini, Byabato alivaa miwani akaanza kukisoma. Alisoma mbele, akageuza nyuma, akarudi mbele. Kwaya iliimba wimbo ikaumaliza, ikaurudia, ikachoka, ikanyamaza. Shangazi yangu akaninong'oneza, "Huyu anakuoa au anakununua?" Byabato akakuta jina la kijiji chetu limekosewa, akaomba lisahihishwe kwanza. Mimi nimesimama na shela langu, viatu vinanibana! Hapo ndipo nilipojua nimeingia nyumba gani.

Basi, ndivyo alivyo. Miaka yote ya kazi yake hakuna karatasi iliyotoka mezani kwake hajaisoma yote. Watu walimcheka, lakini mtu akipata kesi ya shamba alikuwa anauliza kwanza, "Byabato ameisoma hiyo?" Akiambiwa ameisoma, anakwenda kulala. Mimi mwenyewe nilikuwa nesi, naijua thamani ya mtu anayesoma kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuta sindano. Nilimpenda kwa hilo. Nilimgombeza kwa hilo hilo, lakini nilimpenda.

Halafu macho yakaanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa usiouma, unaokula pembeni kidogo kidogo mpaka umebakiza tundu la kuchungulia. Mwanetu Dastan alituletea kompyuta kutoka Mwanza, akaiweka kwa Kiswahili, akakuza maandishi. Macho yakapungua, nasi tukakuza tena. Ilifika mahali neno moja linajaza kioo kizima, na Byabato anauliza, "Hapo pameandikwa nini?"

Nikawa namsomea mimi. Na niseme ukweli, mimi si msomaji. Nasoma kama mtu anayeanua nguo mvua imeanza. Byabato ananisikiliza, halafu ananikata: "Umeruka." Naapa sijaruka. "Umeruka, Mama Dastan. Sentensi hiyo haina kichwa." Narudi nyuma, nakuta kweli nimeruka. Hasira inanipanda mpaka kwenye masikio.

Siku moja alikwenda kwenye kikao cha wakulima wa kahawa pale kijijini. Alirudi akakaa kwenye kiti chake barazani, hakuvua hata kofia. Nikamletea chakula, ndizi na maharage kama anavyopenda, hakugusa.

"Kuna nini?"

"Wamenishika mkono," akasema. "Mwenyekiti amenishika mkono, akauweka kwenye karatasi, akaniambia, tia saini hapa mzee. Nikauliza ni karatasi ya nini. Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Wakasema, mzee, wewe tia tu, ni mahudhurio."

"Na ulitia?"

"Nilitia."

Nilimjua mtu huyu tangu ana nywele nyeusi. Alimzika baba yake sikumwona analia. Siku hiyo midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Sijawahi kuweka mkono kwenye kitu ambacho sikukisoma," akasema. "Sasa mimi ni nani?"

Nikajua mume wangu ananiponyoka nikiwa namwangalia, na kwamba kama hatapata namna ya kusoma mwenyewe, nitabaki naye kwenye kiti tu.

Wiki iliyofuata tulikuwa Bukoba kliniki ya macho. Byabato aliingia kwa daktari, mimi nikabaki kwenye benchi karibu na mwanamume mmoja aliyevaa kofia nzuri ya kufuma, fimbo nyeupe magotini. Alikuwa amemleta mama yake, ndiye mgonjwa. Yeye mwenyewe alizaliwa haoni. Simu yake ilikuwa inamsomea ujumbe haraka haraka, na yeye anacheka peke yake. Mimi na umbea wangu nikamuuliza anasikiaje kelele zile. Akajitambulisha: Mwalimu Muharami, wa Bakoba, hapo hapo mjini, anafundisha historia.

"Na nyumbani kompyuta inanisomea yote, mama," akasema. "Mitihani ya wanafunzi, magazeti, kila kitu. Ni programu ya bure. Wameitengeneza watu wa kujitolea, na sauti ya Kiswahili nayo wameitengeneza wengine hivyo hivyo. Msimbo wake uko wazi, anayejua kuusoma anausoma. Tafuta ukurasa wao wenyewe, uishushe kutoka hapo. Usikubali ya kupewa kwenye flashi, hata na mimi."

Nilimpenda mtu yule papo hapo. Tukapeana namba.

Nyumbani nikaweka bando, nikaishusha. Manesi wa zamani nao wanajua kompyuta, miaka ya mwisho kazini ndiyo tuliyokuwa tunaingizia taarifa za wagonjwa. Byabato amekaa kando yangu, wima, mikono magotini, utafikiri anasubiri hukumu. Nikabonyeza faili lifunguke. Loo! Kioo kikaingia giza, katikati likatokea dirisha la bluu.

"Nini?" akauliza, maana aliona rangi imebadilika.

"Hamna. Onyo tu."

"Soma."

"Ni onyo tu, Baba Dastan."

"Soma, bojo," akanisihi kwa Kihaya.

Nikasoma. Kompyuta yako imelindwa. Tumezuia programu isiyotambulika isianze kufanya kazi. Ukiiendesha, unaweza kuiweka kompyuta yako hatarini. Chini kuna kitufe kikubwa, Usiendeshe.

"Na cha kuendesha?"

"Hakipo. Kuna maneno madogo, Maelezo zaidi." Nikayabonyeza. "Sasa kimekuja. Inasema, Mchapishaji, Hajulikani. Na hapa, Endesha hivyo hivyo."

Byabato akanyanyua mkono kama askari wa barabarani. "Acha hapo hapo."

"Nini tena?"

"Hajulikani! Mtu kaja mlangoni, hana jina, hana ukoo, hataki hata kusema ni mtoto wa nani, na mlinzi wa nyumba anasema simjui. Wewe unataka tumkaribishe chumbani?"

"Mwalimu Muharami anaitumia miaka mingi!"

"Mwalimu Muharami namheshimu. Hakuandika yeye. Na ni ya bure, umesema. Nani anakupa kitu bure halafu anaficha jina?"

"Yesu," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

"Yesu jina lake linajulikana," akanijibu. Akasimama, akapapasa ukuta, akaenda zake barazani.

Ng'o! Siku tatu sikumsemesha zaidi ya chakula tayari na maji ya kuoga tayari. Mtu anazama, unamtupia kamba, anauliza kamba hii kaisokota nani! Niliongea na migomba kule kibanjani, nikaieleza yote, na migomba haikunipinga. Mkataa pema, pabaya panamwita. Hilo nalo niliiambia migomba.

Siku ya nne, mchana baada ya kula, Byabato alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, kichwa kimeegemea nyuma, macho yamefumba, anapumua taratibu. Kompyuta iko mezani. Nikakaa. Nikalifungua tena lile faili. Dirisha la bluu likaja. Maelezo zaidi. Endesha hivyo hivyo. Kidole changu kiko juu ya kipanya.

Haoni. Hilo ndilo lililonijia. Haoni, jamani. Nikibonyeza, programu itaingia, kesho namwambia onyo limeondoka lenyewe, wamejitambulisha. Atafurahi. Atasoma. Nani ataumia? Nilimtazama. Shingo yake imekonda, kola ya shati imemzidi. Nilikaa pale mpaka mkono ukaanza kufa ganzi.

Nikafikiri, yule mwenyekiti naye hakuwa na nia mbaya. Alimshika mkono akauweka kwenye karatasi, basi. Nikibonyeza hapa nimemshika mkono na mimi, tena ndani ya nyumba yake, na mimi ndiye mtu pekee ambaye bado anamuuliza, hapo pameandikwa nini.

Nikafunga dirisha. Nikatoka nje, nikampigia Muharami simu nikamlalamikia kama mtoto.

Muharami alicheka sana. "Mama, nipe mzee niongee naye."

Nikamngoja Byabato aamke. Alipoamka nikaweka simu kwenye spika mezani. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mvua, Muharami akatumia heshima zote, shikamoo mzee, samahani mzee. Halafu akasema, "Mzee, ulichokataa umekikataa vizuri. Watu wengi wanabonyeza bila kusoma, ndiyo maana wanaibiwa. Lakini onyo hilo nalo lisikilize vizuri. Halijasema hawa ni wezi. Limesema siwajui. Ili kompyuta iwatambue wanatakiwa walipie cheti au programu yao ipakuliwe na watu wengi mno, na wao wanatoa bure, na sisi wa Kiswahili bado ni wachache."

"Sawa," Byabato akasema. "Hawajulikani kwa mlinzi. Lakini mimi nitajuaje kwamba hiki nilicho nacho ndicho walichotoa wao, hakuna mtu kakichezea njiani?"

Muharami akasema, na nilisikia kwenye sauti yake amefurahi, "Hilo ndilo swali, mzee. Kila faili lina alama yake, kama alama ya kidole. Ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu. Kompyuta inaukokotoa kutoka kwenye faili lenyewe. Kitu kidogo kikibadilishwa ndani, hata nukta, mfululizo wote unageuka. Mimi faili hilo hilo ninalo, nilishusha mwenyewe, na alama yake niliithibitisha kwa watu wa chama chetu cha wasioona. Mashine yangu itanisomea ya kwangu. Mama akusomee ya kwako. Zikilingana, kitu ni kile kile."

Byabato akasogeza kiti. Nakwambia, mtu yule alikaa kama nilivyomkuta masjala miaka hiyo, kifua mbele. "Kulinganisha nakala!" akasema. "Mwalimu, hiyo ndiyo kazi yangu! Tulikuwa wawili, mmoja anasoma ya asili kwa sauti, mwingine ana nakala. Hakuna kupita mpaka wote waseme sawa. Mama Dastan, kaa. Nne nne. Usikimbie."

Muharami akanielekeza kufungua dirisha jeusi la kuandikia amri, na maneno ya kuandika humo, nikayaandika, likatokea lile limfululizo, mithili ya siafu wamepanga mstari. Tukaanza. Mashine ya Bakoba inasema kwenye simu kwa sauti yake kavu: tisa, c, mbili, f. Mimi nasoma Muleba: tisa, c, mbili, f. Byabato katikati, macho amefumba, kidole hewani: "Sawa. Endelea."

Tulikwenda hivyo. Mahali fulani nikachoka, nikasema, "Zinafanana, naziona, na kadhalika."

"Mahakamani hakuna na kadhalika!"

Muharami akaangua kicheko huko aliko. Nikameza hasira yangu, nikasoma. Tukaelekea mwisho. Mashine ikasema: nne, b, saba, saba. Mimi nikasoma: nne, sita, saba, saba.

Kidole cha Byabato kikaganda. "Si sawa."

Nikawaza, basi, imekwisha, hii ni ya wezi kweli, na nilitaka kuibonyeza mwenyewe, na hatapata kusoma tena.

"Rudia," Byabato akasema polepole. "Futa miwani kwanza."

Nikafuta miwani kwa kitenge. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Ile sita ilikuwa na tumbo na mgongo ulionyooka. "Ni b," nikasema. "Mungu wangu, ni b. Nne, b, saba, saba."

"Una uhakika, au unataka iwe b?"

Swali hilo lilinichoma, maana lilikuwa swali la haki. Nikaikuza ile herufi mpaka ikajaza kioo, nikamvuta mkono, nikachora umbo lake juu ya kiganja chake kwa kidole changu, jinsi lilivyo. Akalisikia. "B," akasema. "Sawa. Endelea."

Tukamaliza. Zote sawa. Nilitaka kupiga vigelegele, akanizuia.

"Sasa nisomee lile onyo tena. Lote."

"Tena?"

"Lote, Mama Dastan. Ndipo niweke mkono."

Nikalisoma lote. Nilisoma taratibu kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote kanisani, pamoja na ile sentensi ya hatarini ambayo ningependa kuimeza. Akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimwekee kidole chake juu ya kipanya, mshale uwe mahali pake, kisha nitoe mkono wangu. Nikautoa. Akabonyeza mwenyewe.

Tulingoja kidogo. Halafu ile sauti ikasema, ndani ya sebule yetu, "Karibu." Ikataja jina la akaunti yake, na kwa kweli ililiponda jina la Byabato vibaya sana. Yeye akacheka mpaka akakohoa. Muharami anapiga makofi kwenye simu, mkewe Shamsa anapiga vigelegele nyuma yake huko Bakoba, na mimi nikamjibu vigelegele kutoka Muleba, mpaka jirani akaja kuuliza nani kazaliwa.

Kujifunza hakukuwa rahisi, tusidanganyane. Vidole vyake vizito vilibonyeza visivyotakiwa, akaitukana mashine kwa Kihaya, mashine ikamsomea matangazo ya nguo za ndani. Lakini alikuwa anaamka asubuhi na kazi. Alikula. Aliomba katibu wa kikao amtumie mihtasari kwenye kompyuta, akaisoma, akagundua makosa mawili, akawarudishia. Walinuna! Mimi nilifurahi kama nimeshinda kesi.

Halafu siku moja natoka kibanjani, panga mkononi na mkungu begani, nasikia ile sauti ndani inasema, "Tumezuia programu isiyotambulika." Nikatupa mkungu mlangoni.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika," Byabato akasema. Alikuwa peke yake mezani, ametulia. "Nimeishusha tena. Mwenyewe."

"Ya nini, na unayo?"

"Nilitaka kusikia walichoandika."

Nilisimama pale na panga langu. Ilichukua muda kidogo kuniingia. "Yaani unanikagua? Mimi? Miaka yote hii, Byabato, unanikagua mimi na mashine?"

"Nakukagua."

Jamani, nilisikia uchungu. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mke wa Mlutheri hatakiwi kuyajua. "Na umeona nini?"

"Kitufe cha kukataa kiko wazi," akasema. "Cha kukubali kimefichwa. Na ile sentensi ya hatarini ipo, pale pale ulipoisoma. Hujaruka hata neno." Akapapasa ukingo wa meza. "Agnetha. Siku ile mchana, sikuwa nimelala."

Nikaegemea fremu ya mlango, panga bado mkononi.

"Nilisikia umekaa. Nilisikia kipanya, mara mbili. Nikajua bado kitufe cha mwisho. Nikasema moyoni, akibonyeza nitanyamaza, nitajifanya sikujua mpaka nakufa, kwa sababu nikimkosa na yeye sina mtu. Nikangoja kilie." Alinigeuzia uso, upande kidogo, kama anavyofanya sasa akitafuta mahali nilipo. "Nilingoja muda mrefu sana, na hakikulia."

Nikaweka panga chini, nikakaa sakafuni pale pale karibu na miguu yake, na udongo wangu wa shamba. Nililia kwa sauti, sikujizuia, maana hata kama ningejizuia angesikia.